Jino la kupandikiza: tathmini ya unachokilipia, kuanzia skrubu hadi miaka inayofuata

Kwa mtu mzima aliyepoteza jino moja, meno ya jirani yakiwa mazima na mfupa wa taya ukiwa bado mpana, hakuna tiba inayokishinda kipandikizi. Daraja litadai meno mawili yasiyo na kosa yasagwe ili yabebe la katikati. Jino la plastiki la kuvaa na kuvua ni nafuu, ila linakalia ufizi, na mfupa ulio chini yake unaendelea kuliwa mwaka hadi mwaka. Kipandikizi hakimgusi jirani, na mfupa unaokizunguka unapata kazi ya kufanya, kwa hiyo haukimbii. Tafiti za muda mrefu zinaonyesha kwamba zaidi ya vipandikizi tisini katika kila mia huwa bado vimo mdomoni baada ya miaka 10.

Takwimu hiyo hupenda kubandikwa kwenye matangazo ya kliniki, na ni ya kweli. Tatizo ni kile inachokihesabu: skrubu iliyobaki ndani ya mfupa, basi. Haihesabu kofia iliyopasuka, skrubu ndogo iliyolegea, ufizi unaotoa damu kila asubuhi, wala mgonjwa aliyetibiwa India akarudi nyumbani na kukuta hakuna kliniki mjini kwake yenye bisibisi ya kumfungulia. Tathmini hii inaipima huduma nzima, maana mgonjwa hanunui skrubu. Ananunua jino la kulia chakula.

Vipande vitatu, bei moja

Jino la kupandikiza lina sehemu tatu. Ya kwanza ni kipandikizi chenyewe, skrubu ya titani inayozikwa ndani ya mfupa. Kwa magego, kipenyo cha kawaida ni milimita 4 hadi 5 na urefu milimita 8 hadi 12. Kwa meno ya mbele ya chini, ambako nafasi ni finyu, hutumika chembamba cha milimita 3 na ushee. Sehemu ya pili ni kiunganishi, kishina kinachofungwa ndani ya kipandikizi kwa skrubu ndogo na kutokeza juu ya ufizi. Ya tatu ni kofia, yaani jino linaloonekana, la zirkonia tupu (kauri nyeupe ngumu) au la kauri iliyochomwa juu ya chuma.

Tangazo linalosema "kipandikizi" kwa bei ya kuvutia mara nyingi linataja sehemu ya kwanza peke yake. Mgonjwa anashonwa nyuzi, anasubiri miezi mitatu, kisha anaambiwa kiunganishi na kofia ni hesabu nyingine. Ulizeni mapema, na mpewe kwa maandishi: picha ya CT, upasuaji, kipandikizi, kiunganishi, kofia, dawa, na marudio ya mwaka wa kwanza. Nairobi bei nyingi za jino moja huvuka shilingi laki moja za Kenya, na Dar es Salaam hesabu ni ya mamilioni ya shilingi. Bima nyingi hazigusi gharama hii kabisa.

Titani ilipatikana kwa bahati. Mwaka 1952, huko Lund nchini Sweden, daktari Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mzunguko wa damu ndani ya mifupa ya sungura kwa kutumia kifaa chenye kasha la titani. Alipotaka kukitoa, kikagoma: mfupa ulikuwa umeota ukashikamana na chuma bila nyama laini katikati. Mwaka 1965, mjini Göteborg, alimwekea Gösta Larsson vipandikizi kwenye taya la chini, na Larsson aliendelea kuvitumia mpaka alipofariki mwaka 2006. Kushikamana huko kwa mfupa na chuma ndiyo siri yote ya tiba hii. Kila hatua inayofuata ni ya kusaidia kushikamana huko kutokee, au kukulinda kusivunjike.

Vipandikizi vya sasa havina uso laini kama vile vya kwanza. Hupigwa kwa chembechembe za mchanga mgumu na kuchovywa kwenye asidi ili vikwaruzike, na chembe hai za mfupa hushika haraka zaidi kwenye uso wa namna hiyo. Vipo pia vyeupe vya zirkonia, vinavyopendwa na wenye ufizi mwembamba kwa sababu havionyeshi kivuli cha kijivu. Ni vizuri, lakini aina zake ni chache na vyembamba huweza kuvunjika. Kwa mgonjwa wa kawaida sisi bado tunachagua titani.

Mfupa ndio unaoamua

Jino likishang'olewa, ukingo wa taya hupoteza karibu nusu ya upana wake ndani ya mwaka mmoja, na sehemu kubwa ya upotevu huo hutokea katika miezi mitatu ya mwanzo. Ndiyo maana swali la kipandikizi linafaa kuulizwa siku ya kung'oa jino. Watu wengi huuliza miaka minane baadaye, wakati picha inaonyesha ukingo mwembamba kama wembe. Daktari akijua mapema atang'oa kwa upole bila kuvunja ukuta wa nje wa mfupa, na anaweza kujaza tundu kwa unga wa mfupa ili lisibonyee.

Vipimo vyenyewe havibembelezi. Kipandikizi cha milimita 4 kinahitaji angalau milimita 1.5 za mfupa upande wa shavu na nyingine kama hizo upande wa ulimi, kwa hiyo ukingo wa milimita 7. Kutoka kwenye mzizi wa jino jirani, milimita 1.5. Kati ya kipandikizi na kipandikizi, milimita 3. Juu ya mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya la chini, angalau milimita 2 za usalama. Vipimo hivi huwezi kuvipata kwenye picha bapa ya taya zima, ile ya kuzungusha mashine kichwani. Picha hiyo hukuza vipimo, mara nyingi kwa kama robo, tena haionyeshi upana kabisa. Kinachohitajika ni CT ya taya, picha ya pande tatu. Kliniki inayotaka kutoboa taya la chini nyuma, karibu na mshipa ule, kwa picha bapa peke yake, msikubali.

Taya la juu nyuma lina shida yake. Juu ya magego kuna uwazi wa sinasi, chumba cha hewa kilichoungana na pua, na magego yakiondoka uwazi huo hushuka. Ikiwa mfupa uliobaki chini yake una milimita 6 hadi 8, kipandikizi kifupi au kuinua sakafu ya sinasi kidogo kupitia tundu lile lile kunatosha. Ukiwa chini ya milimita 5, mara nyingi hufunguliwa kidirisha pembeni mwa taya, utando wa sinasi ukainuliwa taratibu na nafasi ikajazwa unga wa mfupa. Hapo kusubiri kunafika miezi 6 hadi 9 kabla ya kuweka kofia. Daktari anayekuambia hayo huku anakuonyesha kwenye picha yako mwenyewe, mwamini kuliko yule anayesema "hamna shida".

Unga huo unatoka wapi? Wagonjwa wengi hawaulizi, na madaktari wengi hawasemi. Unaotumika sana hutokana na mfupa wa ng'ombe uliosafishwa mpaka yakabaki madini tu. Upo wa binadamu aliyejitolea, na upo wa kutengenezwa maabara. Lakini kitambaa cha kolajeni kinachofunikwa juu ya unga huo mara nyingi hutokana na nguruwe. Kwa Waislamu hilo ni jambo la kuulizwa kabla ya ganzi, si baada. Vitambaa vya kolajeni ya ng'ombe vipo, na vya kutengenezwa vipo. Kinachotakiwa ni kliniki iviagize mapema. Kliniki inayolitaja suala hili yenyewe, bila kuulizwa, imemheshimu mgonjwa wake.

Siku ya kutoboa

Kipandikizi kimoja kisicho na matatizo huchukua kati ya nusu saa na saa moja, kwa ganzi ya kawaida ile ile ya kung'olea jino. Wagonjwa wengi hupewa dozi moja ya amoksilini gramu 2 saa moja kabla, na kusukutua kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu mdomoni. Ufizi hupasuliwa kidogo na kufunuliwa. Kekee ya kwanza ina kipenyo cha milimita 2. Inashuka mpaka kina kilichopangwa, kinawekwa kijiti cha kupimia na kupigwa picha ndogo ya eksirei ili mwelekeo uhakikishwe. Kisha zinafuata kekee pana zaidi, kwa mfano 2.8 halafu 3.5, hadi tundu linafikia ukubwa wa kipandikizi pungufu kidogo.

Adui wa hatua hii ni joto. Mfupa ukifikishwa nyuzi joto 47 kwa dakika moja huanza kufa, na mfupa uliokufa haushikamani na chochote. Kwa hiyo maji ya chumvi ya baridi lazima yamwagike muda wote, kekee iwe kali, na mkono wa daktari uwe wa kuchovya na kutoa badala ya kukandamiza. Mfupa mgumu wa mbele ya taya la chini ndio unaochemka haraka zaidi. Kinyume chake, mfupa wa nyuma ya taya la juu ni laini kiasi kwamba daktari hodari huacha tundu likiwa jembamba makusudi, ili skrubu ijibane yenyewe. Kekee zina idadi ya matumizi. Kliniki inayozitumia mpaka zibutuke inaokoa pesa kidogo na kupoteza vipandikizi.

Kipandikizi chenyewe hufungwa polepole, na mashine husoma nguvu ya kukaza. Ikifika Newton-sentimita 35, kimekamatika vizuri. Chini ya 20, kifunikwe na kuachwa kipumzike bila kubebeshwa kitu. Juu ya 50, mfupa unabanwa kupita kiasi. Ulizeni namba hii na iandikwe kwenye faili, kwa sababu ndiyo inayoamua kama jino la muda linaweza kuwekwa mapema au la. Mwisho, ama kinafungwa kifuniko na ufizi kushonwa juu yake, ama kinawekwa kofia fupi ya kuponyesha inayoonekana juu ya ufizi. Nyuzi hutolewa baada ya siku 7 hadi 10.

Usiku huo maumivu ya kawaida hutulizwa na ibuprofeni au paracetamol kwa wasiokatazwa. Uvimbe hukua hadi siku ya pili au ya tatu, kisha hushuka. Kisichokuwa cha kawaida ni mdomo wa chini au kidevu kubaki na ganzi asubuhi inayofuata. Hapo usisubiri miadi: piga simu, nenda, upigwe picha. Kipandikizi kinachogusa mshipa wa fahamu kinapaswa kurudishwa nyuma au kutolewa ndani ya saa 24 hadi 36, na kila siku inayopita inapunguza uwezekano wa hisia kurudi zote.

Kusubiri kuna sababu

Wagonjwa wengi hushangaa kuona wiki ya tatu inapewa uangalizi kuliko ya kwanza. Sababu ni hii: siku ya upasuaji skrubu imeshikwa kwa kubanwa tu. Mwili huanza kuondoa mfupa ule uliobanwa na kujenga mpya, na kati ya wiki ya 2 na ya 4 wa zamani umepungua huku mpya haujatosha. Kipandikizi kikitikisika wakati huo, hata kwa sehemu ndogo ya milimita, nyama laini huota badala ya mfupa, na kazi imeharibika. Ugali na ndizi upande wa pili. Muwa, mahindi ya kuchoma na mifupa ya nyama choma visubiri. Taya la chini kwa kawaida hupewa wiki 8 hadi 12, la juu miezi 3 hadi 6, na zaidi ukiwekwa unga wa mfupa.

Kofia, na mambo madogo yanayoiharibu

Kofia huweza kubandikwa kwa simenti au kufungwa kwa skrubu kupitia tundu dogo juu yake. Tunapendelea ya skrubu kila inapowezekana. Simenti huvuja chini ya ufizi, inagandia kwenye kiunganishi mahali ambapo jicho halifiki, na mabaki hayo ni chanzo kinachojulikana sana cha usaha na kupotea kwa mfupa. Kofia ya skrubu, ikiwa na shida yoyote, hufunguliwa, husafishwa na kurudishwa. Tundu lake huzibwa kwa utepe mweupe wa tefloni, aina ile ile wanayotumia mafundi bomba, kisha kwa kijazio cha rangi ya jino.

Siku ya kufunga kofia tazameni mambo matatu. Daktari apige picha ndogo kuhakikisha kofia imekaa bila mwanya. Akaze kwa ufunguo wenye kipimo, mara nyingi Newton-sentimita 30 hadi 35 kama mtengenezaji alivyoelekeza, asubiri kama dakika kumi, kisha akaze tena, kwa maana skrubu hupoteza sehemu ya mkazo wake dakika za mwanzo. Kukaza kwa nguvu ya vidole pekee ndiyo sababu kubwa ya kofia kucheza baada ya miezi miwili. La tatu ni kuuma: jino la asili limening'inia kwenye nyuzi laini na hudidimia kidogo likiumwa, kipandikizi hakididimii. Kofia ikisawazishwa juu sawasawa na meno mengine, ndiyo itakayobeba mzigo wote. Daktari anayejua kazi huweka karatasi nyembamba ya chuma kati ya kofia na jino linalokutana nayo. Mkiuma polepole iteleze kutoka, mkiuma kwa nguvu ikamatwe.

Rangi ni suala la Arusha, Kilimanjaro, Naivasha na Nakuru kuliko Mombasa. Mtu aliyekulia kwenye maji yenye floridi nyingi ana meno yenye mabaka ya kahawia na madoa meupe, na kofia nyeupe iliyochaguliwa kwenye kibao cha rangi za dukani itaonekana kama imeazimwa. Fundi wa maabara anatakiwa apate picha za meno ya jirani zilizopigwa kwenye mwanga wa mchana, au amwone mgonjwa mwenyewe, apake mabaka kabla ya kuchoma kauri. Kliniki zenye fundi karibu zinafanya kazi hii vizuri zaidi kuliko zinazotuma vipimo nje ya nchi.

Kofia ikianza kucheza

Hapa ndipo watu hupoteza vipandikizi ambavyo vingepona. Kofia inayocheza bila maumivu, huku ufizi uko sawa, kwa kawaida ni skrubu ndogo imelegea. Ni kazi ya dakika kumi na tano kuikaza au kuibadilisha. Lakini mgonjwa akiendelea kuilia kwa wiki kadhaa, skrubu hukatika ndani, na kuitoa kipande kilichobaki ni kazi ya saa na haifanikiwi kila mara. Kikicheza chote, kofia na chuma chake, pamoja na maumivu ukiuma, basi mfupa umeachia na kitatolewa. Baada ya miezi kadhaa ya kupona, mara nyingi kingine huwekwa pale pale.

Ugonjwa unaoua vipandikizi polepole ni uvimbe unaoanza kwenye ufizi na kushuka kwenye mfupa. Tafiti zinauweka kwa takriban mgonjwa mmoja katika kila watano. Hauumi. Dalili zake ni damu wakati wa kupiga mswaki, ladha mbaya, usaha ukibonyeza, na nyuzi za skrubu kuanza kuonekana. Ukiwa bado kwenye ufizi tu, usafishaji unaurudisha nyuma. Ukishafika mfupani, tiba ni ngumu na matokeo hayana uhakika.

Mswaki wa kawaida, uwe wa dukani au wa mti, hausafishi chini ya kofia. Kinachosafisha ni brashi ndogo ya katikati ya meno, yenye waya uliofunikwa plastiki ili usikwaruze titani, mara moja kila siku, ipite pande zote mbili. Kijiti cha meno kiepukwe, kinakatika na kuacha kipande ndani ya ufizi. Wala miraa, ugoro na kuberi wajue kwamba majani au tumbaku yanayokaa shavuni saa nyingi yanakaa juu ya ufizi ule ule unaotakiwa kupona, na wavutaji wa sigara hupoteza vipandikizi karibu mara mbili ya wasiovuta.

Chapa na bisibisi

Kila mtengenezaji ana umbo lake la ndani la muunganiko na bisibisi yake. Kiunganishi cha Straumann ya Uswisi hakiingii kwenye kipandikizi cha Osstem ya Korea Kusini. Chapa za Ulaya zina tafiti za miaka mingi zaidi nyuma yake na bei yake ni kubwa. Za Kikorea ni nafuu na zimetumika sana duniani. Kati ya chapa ya kifahari isiyo na vipuri katika mji wako na ya bei ya kati ambayo kliniki tatu za karibu zinaifahamu, tunachagua ya pili bila kusita. Tunachokataa ni kipandikizi kisicho na jina kwenye pakiti.

Kila pakiti huja na vibandiko vyenye jina, kipenyo, urefu na namba ya toleo. Kimoja kinabaki kwenye faili, kingine ni haki yako. Kwa Mtanzania au Mkenya anayetibiwa India, au ndugu walioko Ulaya wanaokwenda Uturuki kwa sababu ya bei, kibandiko hicho ni muhimu kama pasipoti. Safari hizo zinahitaji kwenda mara mbili, kwa upasuaji na kwa kofia, na swali la nani atakaza skrubu mwaka wa pili linafaa kujibiwa kabla ya kukata tiketi.

Wenye taya tupu

Kwa wazee ambao meno yao ya kuvaa ya chini yanaelea kila wakifungua mdomo, huduma tunayoipa alama za juu kuliko zote ni ya vipandikizi viwili tu, mahali zilipokuwa chonge, vyenye vifungo ambavyo meno ya kuvaa hubonyezwa juu yake yakatulia. Wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, mwaka 2002 walisema hiyo ndiyo iwe tiba ya kwanza kwa taya la chini lisilo na jino. Gharama ni sehemu ndogo ya meno ya kufungwa moja kwa moja, mfupa wa mbele wa taya la chini kwa kawaida unatosha, na mzee anayavua mwenyewe kuyasafisha. Vipira vya nailoni ndani ya vifungo huchakaa na hubadilishwa kila mwaka hivi, viagizwe viwepo.

"Meno siku moja" ni kitu kingine. Mbinu ya vipandikizi vinne kwa taya zima, vile vya nyuma vikilazwa ili kukwepa sinasi au mshipa, ilipata umaarufu kupitia kazi ya daktari wa meno Paulo Malo wa Lisbon tangu miaka ya 1990. Ni mbinu nzuri mikononi mwa mzoefu. Lakini kinachotoka kliniki siku hiyo ni daraja la muda la plastiki. Mgonjwa anatakiwa ale laini kwa miezi kadhaa, na daraja la kudumu huja baadaye, kwa malipo yake. Bei iliyotajwa iseme wazi ni ya lipi.

Anayefaa kusubiri

Kisukari chenyewe si kizuizi. HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari kwenye damu kwa miezi michache iliyopita, ikizidi asilimia 8 ni sababu ya kuahirisha mpaka ishuke. Anayeishi na VVU, anayemeza dawa vizuri na kinga yake iko imara, anaweza kupandikizwa. Aliyepigwa mionzi ya saratani kwenye taya, au anayechomwa sindano za kuimarisha mifupa kwa ajili ya saratani, aamuliwe na daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa pamoja na anayemtibu. Vijana wasubiri taya liache kukua, karibu miaka 18 kwa wasichana na 20 au 21 kwa wavulana, kwa kuwa kipandikizi hakisogei na taya na jino litaonekana limezama. Anayesaga meno usiku apewe kinga ya plastiki ya kuvalia, la sivyo kauri itapasuka.

Kabla ya kulipa amana, tafuteni jina la daktari kwenye rejista ya KMPDC, baraza la madaktari na madaktari wa meno nchini Kenya, au ya Baraza la Madaktari Tanganyika upande wa Tanzania Bara. Siku ya mwisho ya matibabu, ondokeni na kibandiko cha kipandikizi, nakala ya CT, picha ndogo iliyopigwa kofia ilipofungwa, na tarehe ya kurudi baada ya miezi sita. Picha hiyo ndogo ndiyo italinganishwa na ya kila mwaka unaofuata kuona kama mfupa umeshuka, na isipokuwepo, daktari wa baadaye hana pa kuanzia.